Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Vijana wa Kidato cha Nne Katika Karakana Zetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Masuala ya ada, madeni na pango la ofisi yamo kwenye taarifa za mhazini na katibu, nami sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililobeba mwaka wetu mzima: mpango wa kupokea vijana waliomaliza kidato cha nne, waje kujifunza ufundi katika gereji, karakana za kuchomelea na za useremala za wanachama wetu hapa Morogoro.

Wote tunajua kalenda ya watoto hawa. Mtihani wa taifa unafanyika Novemba, matokeo yanatoka Januari, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano wanaripoti Julai. Hapo katikati ni zaidi ya nusu mwaka, na asiyechaguliwa hana hata tarehe ya kusubiri. Tunawaona stendi ya mabasi ya Msamvu wakigombea mizigo ya abiria, tunawaona wakiazimana bodaboda kabla hawajapata leseni. Ni watoto wetu na wa majirani zetu, wana nguvu na wana akili, na sisi tuna kazi ambazo kila siku tunalalamika kuwa hazina wa kuzifanya vizuri. Ndiyo maana mpango huu niliuona kuwa wajibu wa chama tangu siku ulipoletwa mezani.

Wengi wetu tulijifunza kwa kuangalia. Unafika gereji, unafagia, unaosha vyuma kwa dizeli, unatumwa chai, na siku fundi akizidiwa na kazi ndipo anakwambia kamata spana. Njia hiyo imetoa mafundi hodari na baadhi yao wako hapa ukumbini, siwavunjii heshima. Lakini imetoa pia vijana wengi wanaojua kufungua wasijue kwa nini. Kijana ameshabadilisha gasketi ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, mara nyingi, ila hajawahi kuambiwa kwamba bolti zinakazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, na kwa hatua, ili hedi ilale sawasawa. Gari likichemsha tena wiki ijayo anamlaumu muuza spea, na mteja anatulaumu sisi sote.

Kwa hiyo tulianza na daftari la kazi. Kila mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa fundi, ana daftari lake, na kila kazi ina nafasi tatu za kujaza: nimeona, nimesaidia, nimefanya mwenyewe. Fundi anatia saini kwenye nafasi ya tatu pale tu kijana alipoifanya kazi kwa mikono yake mwanzo hadi mwisho, yeye fundi akiwa amesimama pembeni. Mwanzoni baadhi yetu tuliliona daftari kama usumbufu wa makaratasi. Leo ndilo linaloonyesha bila ubishi nani anafundisha na nani anatumikisha. Daftari lenye miezi mitatu ya "nimeona" halihitaji maelezo mengine.

Naomba niwaeleze nilichokishuhudia katika karakana ya mwanachama mmoja kule Kihonda. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuwa anaunda fremu ya geti la mteja. Alikuwa amekwisha kata mabomba na kuyapanga chini. Kabla ya kuwasha mashine alichukua futi akapima kona kwa kona, upande huu kisha ule. Vipimo vikapishana kidogo. Akagonga kona moja kwa nyundo taratibu, akapima tena, akarudia mpaka vikalingana. Kisha akashikiza kona zote nne kwa nukta ndogo za moto, akapima kwa mara nyingine, ndipo akaanza kuchomelea, akihama kutoka kona moja kwenda ile inayoikabili. Nikamuuliza kwa nini asimalize kona moja kwanza. Akanijibu kwamba chuma kikipata moto kinavuta, na ukikimaliza upande mmoja geti linapinda. Fundi wake alikuwa amekunja mikono, hakusema neno. Naamini kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo yeye mwenyewe angeifanya. Muda ule ndio mchango wake kwa nchi hii, na nampongeza mbele yenu wote.

Nimemtaja binti kwa makusudi. Wazazi wanapowakataza mabinti kuja kwetu mara nyingi hawana shaka na ufundi wenyewe. Wanauliza choo kiko wapi, kina mlango, atabadilishia nguo wapi, na nani atakuwepo jioni. Ni maswali ya haki. Kamati iliwatembelea wanachama walioomba kupokea wasichana, na pale ambapo choo hakikuwa na mlango unaofungwa tulisema wazi kwamba hawatapokea mpaka kirekebishwe. Waliorekebisha wamepata wanafunzi makini sana.

Sasa suala la usalama, ambalo sitalipitia juujuu. Karakana moja, ambayo si ya mwanachama wetu, iliwaweka vijana kwenye kazi ya kuchomelea wakiwa wamevaa miwani ya jua. Mchana hawakusikia kitu. Usiku macho yakawaka kama yaliyotiwa mchanga, machozi hayakatiki, hawakuweza kutazama hata taa. Kila aliyewahi kufanya kazi hii anayajua maumivu hayo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakujua. Kinyago cha kuchomelea chenye kioo chake, glovu za ngozi na viatu vya kufunika mguu ni sharti la kumpokea kijana, na mwenye karakana ndiye anayevitoa. Vilevile tukumbuke kwamba wengi wanamaliza kidato cha nne wakiwa bado na miaka 17, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za hatari. Kumwita mwanafunzi hakutuondolei dhamana. Wa umri huo kwetu wanaanza na upimaji, usomaji wa michoro, utunzaji wa stoo na uandishi wa makadirio ya kazi. Grainda na mashine ya kuranda vinasubiri.

Imejitokeza hoja kutoka kwa wanachama, tena kwa sauti kubwa, kwamba tunawafundisha vijana kisha wanaondoka na kufungua karakana mtaa wa pili. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inatoka kwa watu wanaolipa kodi ya pango na umeme kila mwezi. Lakini tujiulize, tulio hapa tulitoka wapi? Kila mmoja wetu aliondoka kwa fundi wake. Kinachotuumiza sokoni si kijana aliyefundishwa vizuri akafungua kwake. Anayetuumiza ni yule aliyefundishwa nusu, anayeshusha bei kwa sababu hajui gharama ya kazi yenyewe, na anayeacha geti linaloanguka na nyaya zinazovuja umeme. Mteja akishaumwa na huyo anaona mafundi wote ni walewale.

Hoja nyingine ilikuwa kuhusu fedha, na hapa kamati ilichukua msimamo. Mzazi hatozwi ada ya kumfundisha mwanawe, na kijana anapewa nauli na chakula cha mchana kuanzia siku ya kwanza. Anapoanza kufanya kazi za wateja kwa ukamilifu, anapata sehemu ya malipo ya ufundi kama ilivyoandikwa kwenye mkataba wake. Wapo walioniuliza kwa nini Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi isigharamie haya. Tozo hiyo, iliyowekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara kuanzia Julai 2023, inalipwa na waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi, na theluthi yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Karakana nyingi za chama chetu hazifikii idadi hiyo, kwa hiyo hatuilipi. Njia iliyo wazi kwetu ni mafunzo ya uanagenzi yanayofadhiliwa na serikali kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, na tumekwisha wasilisha nia yetu ya kuwa mahali pa mafunzo kwa vitendo.

Kuhusu vyeti, tulianza na sisi wenyewe. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Fundi anapimwa kwa anachokijua kukifanya, pengo likionekana anafundishwa, kisha anapewa cheti kinachotambulika. Wanachama kadhaa, wengine wakiwa na wajukuu, waliingia kwenye utaratibu huo mwaka huu. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba sikuona aibu yoyote pale, niliona ukubwa wa watu. Fundi aliyekubali kupimwa anamfundisha kijana kwa namna nyingine, kwa sababu amelazimika kueleza kwa maneno kile ambacho mkono wake ulikuwa unakijua tu. Wenzetu wa umeme wa majumbani wana sharti la ziada, leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hakuna mwanagenzi atakayetandaza nyaya kwenye nyumba ya mtu bila msimamizi mwenye leseni hiyo.

Nimalizie na linalokuja. Sera mpya ya elimu imegawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na shule za kwanza za amali zilianza Januari 2024. Hesabu wenyewe: wanafunzi hao watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Watakuja wakiwa wameshika vifaa kwa miaka minne, wamesoma michoro, na watatuuliza maswali ambayo wanagenzi wa sasa hawatuulizi. Karakana isiyo na mtu wa kuyajibu itawapoteza. Tuna mwaka 2026 na sehemu ya 2027 ya kujiandaa, basi.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, mwanachama yeyote asipokee kijana bila mkataba wa maandishi uliosainiwa na mzazi au mlezi, kijana mwenyewe na chama, pamoja na daftari la kazi. La pili, fundi mkuu mmoja asipewe wanagenzi zaidi ya wawili kwa wakati mmoja, hata kama ana kazi nyingi kiasi gani, kwa sababu wa tatu ataishia kutumwa chai. Najua azimio la pili litapunguza idadi ya vijana tunaowapokea, na wazazi wako nje ya geti wakisubiri. Hata hivyo naliunga mkono, na nawaomba mliunge mkono.

Fomu za karakana zinazotaka kupokea wanagenzi wa awamu ijayo zipo mezani kwa katibu. Kamati itapita kukagua vyoo, vifaa vya kujikinga na leseni kabla matokeo ya kidato cha nne hayajatoka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti