Kwa Mama Salma, kuhusu yule kima mwenye maringo

Columbus, Ohio
Jumapili jioni

Mama Salma mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima. Rukia hajambo, baba yake yuko zamu ya usiku. Natumaini nanyi nyote mu wazima, na goti la bibi limepata nafuu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Kumbe Rukia kamwambia mwenzake kwamba akikua atakuwa Muffy, na Salma naye tangu hapo havai sare mpaka ipigwe pasi upya hata kama haina kunjo! Ukaniuliza huyo Muffy ni mtoto wa nani, na mimi mtu mzima nafanya nini humu ndani mwanangu akifundishwa maringo na katuni. Sikukupigia, maana simu yako naijua, ningesema neno moja nawe kumi. Kwenye barua hunikatizi.

Basi, Muffy ni kima. Jina lake kamili ni Mary Alice Crosswire, lakini hilo halitumiki sana. Ana misuko miwili, anasoma darasa la tatu katika shule ya Lakewood, kwenye mji wa kubuni uitwao Elwood City. Baba yake, Ed Crosswire, anauza magari, na pesa wanazo za kumwaga. Shuleni anapelekwa na dereva kwa gari refu la kifahari. Katuni yenyewe inaitwa Arthur, na huyo Arthur ni mhanga. Ndiyo, mhanga, yule mchimba mashimo wa usiku anayekula mchwa, ambaye huko kwetu watu wanaishi naye na kumwona hawamwoni. Huku ni maarufu kuliko simba. Mtunzi wake, Marc Brown, alianza kwa kumsimulia mwanawe hadithi ya kulala, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1976. Kwenye televisheni kaingia Oktoba 1996, akatoka Februari 2022, misimu 25. Rukia anaangalia marudio kwenye stesheni ya umma, PBS, ambayo hailipiwi hata senti, nawe unajua mimi na vitu visivyolipiwa.

Kilichonishangaza mwanzoni si maringo ya Muffy. Ni hao wanyama wenyewe. Katika hadithi za bibi zetu mnyama akitajwa tu tabia yake ushaijua: sungura mjanja, fisi mroho, kobe mvumilivu. Humo sivyo. Sungura wao, Buster, ndiye mlafi, na ujanja wake si mwingi. Panya ni mwalimu, tena mkali, hodari wa kurundika kazi za nyumbani. Na Muffy, mwenye gari la dereva, rafiki yake mkubwa ni Francine, ambaye naye ni kima. Kima na kima! Baba yake Francine anazoa taka, familia inaishi kwenye fleti ya kawaida, na mtoto mwenyewe anapenda mpira na kupiga ngoma, nguo hazimshughulishi. Kwa hiyo huwezi kusema Muffy anaringa kwa sababu kima ndivyo walivyo. Mwenzake yuko pale pale, sura moja, na haringi. Nadhani hapo mtunzi alitumia akili kuliko inavyoonekana.

Sasa tuje kwenye lawama yako. Umesema katuni ingekuwa na maana kama siku moja Crosswire angefilisika, binti akaonja dhiki, akapata adabu. Mama Salma, hizo hadithi tumelishwa tangu vidudu. Mwenye kiburi anatumbukia kisimani, anaoa jini, anageuka jiwe. Zilitusaidia nini? Tulikuwa tunamsubiri mwenye kiburi aanguke tupate kucheka, basi.

Muffy haanguki. Anaumbuka, anaona haya, pengine anaomba radhi, na kipindi kinachofuata yuleee, kashuka kwenye gari lake na mambo yake yale yale. Mwanzoni iliniudhi. Halafu nikamtazama Rukia, ambaye namkanya Jumatatu na Jumanne tunaanza upya, nikaona hawa watu wanawajua watoto.

Nikupe mfano. Kuna kipindi cha siku ya kuzaliwa ya Arthur. Kadi kashagawa, wenzake wamefurahi, mara Muffy anatangaza sherehe yake, siku hiyo hiyo. Wanamwomba asogeze. Hasogezi! Mipango imeshapangwa, sasa watu kama wao wataanzaje kupangua? Darasa likagawanyika, wavulana kwa Arthur, wasichana kwa Muffy, na maneno ya nisipokuona-kwangu-tusijuane. Anayeumia katikati ni Francine, rafiki wa wote wawili. Mwishowe Francine na Arthur wanakula njama, wageni wote wanajikuta nyumbani kwa Arthur, na sherehe zinakuwa moja. Hakuna aliyempa Muffy hotuba. Hakuna aliyemwambia unaona sasa. Walimpenda kwa kumzunguka. Rukia aliangalia akaniuliza, "Kwa nini hawakumwacha tu na keki yake?" Nikamwambia aulize baba yake, maana mimi mwenyewe ningemwacha.

Kingine ni kile cha kazi za wazazi. Francine anaona haya kusema baba yake anazoa taka, na Muffy ndiye anayemcheka. Nilikaza meno. Unajua kwa nini, kwani mimi huku kazi yangu ni kuwaosha na kuwalisha wazee, na nimeshaulizwa na watu wa kwetu, tena kwenye harusi, na vito vyao shingoni, "Bado tu unafanya ile kazi?" Nikasubiri nione huyo mtoto atafanywa nini. Hakufanywa kitu. Darasa linafika dampo, mzee anawaonyesha kazi yake, na watoto wanapafurahia vibaya sana. Kicheko cha Muffy kinakosa wa kukiunga mkono. Kwangu hiyo ni adabu tosha kwa mtoto wa miaka minane.

Usidhani naikubali yote. Kuna dereva wao, Bailey. Mtu mzima, mpole, anafungua mlango, anabeba mizigo, anaitikia kila upuuzi wa yule binti na uso haubadiliki. Watoto wanamwona ni sehemu ya gari. Mimi macho yangu hayamtoki. Nataka kujua analala wapi, mshahara wake unatosha, siku ya mapumziko anaenda kwa nani. Rukia anasema namharibia katuni. Bora iharibike kidogo. Juzi kaniuliza mwenyewe kama Bailey ana watoto, nikafurahi kuliko angeniambia kapata mia kwenye hesabu.

Halafu wewe, Mama Salma, kati ya watu wote duniani, ndiye wa kunishitakia maringo? Nani pale bwenini alikuwa na kioo ndani ya kitabu cha jiografia? Nani alikuwa akilaza sketi chini ya godoro usiku kucha ipate mistari, na ole wake wa kitanda cha juu akijigeuza kwa nguvu? Nilikuwa mimi wa kitanda cha juu. Na siku ya mahafali, yangu ilipochanika, nani alivua ile sketi yake ya mistari akanipa, yeye akavaa ya zamani iliyopauka, kisha akanifuata nyuma siku nzima: usikae hapo, simama vizuri, utaikunja, mbona unatembea kama unachota maji? Nilitamani nikurudishie pale pale mbele ya mgeni rasmi. Lakini uliivua. Hao waliokuwa wakisema una majivuno hakuna aliyenipa hata pini.

Kwa hiyo nikimwona Francine anabaki na Muffy mwaka baada ya mwaka siulizi anabakia nini. Wanagombana, wananuniana, kuna hata wakati Muffy inabidi ahamie kwa kina Francine kwa sababu ya zulia la kwao lililomletea mzio. Urafiki haufi. Kwenye kipindi cha mwisho kabisa tunawaona ukubwani: Francine ana biashara ya viatu vya michezo, na Muffy anagombea umeya. Umeya! Nilipiga kofi. Mtu aliyezoea kutazamwa tangu darasa la tatu unategemea akagombee nini, uenyekiti wa kikoba? Wala hawakutuambia kama alishinda, nami kura yangu ningemfikiria kwanza.

Kuhusu Salma, usimkataze kitu. Mpe pasi, mwonyeshe mara moja, halafu apige mwenyewe asubuhi hiyo hiyo akichelewa achelewe. Akitaka sare inyooke kama karatasi ni haki yake, ila mkono uwe wake, si wa dada wa kazi. Ukiniuliza, hapo ndipo ningekuwa mkali, kwa yule dada. Salma anamsalimia asubuhi? Anamwambia asante? Hilo ndilo la kunijibu, ya pasi niachie.

Shemeji yangu anasafiri mwishoni mwa mwezi, atapitia Dar kisha Tanga. Nimempa viatu vya Salma, vyeusi, vya kung'aa, najua utanilaani. Kuna na mafuta ya goti ya bibi na kanga moja yako. Ukipata nafasi nitilie pilipili ya unga na zile dagaa, zifunge vizuri zisinuke, kule uwanjani wana mbwa.

Nisalimie wote, na jibu kwa barua, si kwa kunirekodia dakika ishirini za kelele za sokoni.

Wako,
Mama Rukia