Baridi ya Mlima Kenya Huanzia Ardhini

Misimu ya kupanda mlima inapokaribia, wateja wengi wanaofika dukani kwetu huulizia kwanza koti zito kuliko yote tuliyo nayo. Si ajabu, kwa kuwa mtu aliyekulia Mombasa, ambako hata kipupwe kikikaza joto la usiku hubaki karibu nyuzi 20, huiona baridi kuwa ni upepo tu. Lakini kambi ya Mackinder katika Mlima Kenya iko karibu mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, usiku wa huko hushuka hadi chini ya sifuri, na koti peke yake halikufikishi asubuhi.

Kinachomnyima mtu usingizi hemani mara nyingi ni ardhi anayoilalia. Mfuko wa kulalia huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake, na upande wa chini, unapokandamizwa na uzito wa mwili, hubaki bila hewa hiyo. Kwa sababu hiyo tunamshauri mteja achague mkeka kabla ya mfuko. Mikeka mizuri huandikwa herufi R na tarakimu, kipimo cha jinsi mkeka unavyozuia joto lisipotelee ardhini: ule wa povu la kawaida huwa karibu 2, nao watosha kwa milima ya Taita, ila penye umande ulioganda tafuta 4 au zaidi, au tandika miwili, kwani tarakimu hizo hujumlishwa. Godoro la kupuliza la ufukweni liacheni nyumbani. Hewa huzunguka ndani yake na kulichukua joto lako.

Kwenye lebo ya mfuko wenyewe, aghalabu utaona vipimo viwili vya joto. Kimoja ni cha kulala kwa starehe, na cha pili, kilicho chini zaidi, ni cha mtu kujikunyata na kuvumilia. Wauzaji hupenda kukitangaza hicho cha pili. Sisi tunakuomba usome cha kwanza.

Kuhusu mavazi, adui ni jasho. Fulana ya pamba, ambayo hapa pwani haina mpinzani, ikilowa hukauka polepole na kukupoza mwili, na suruali ya jinzi ni mbaya zaidi. Vaa sufu au polista ndani, sweta katikati, na nje koti linalozuia maji na upepo, kisha uvue kimoja kabla hujaanza kutoka jasho. Si lazima ununue vyote kwetu: ukipekua mitumba ya Kongowea kwa subira utapata sweta za sufu halisi kwa bei nafuu, mradi usome lebo ya ndani. Soksi na boshori vya kulalia viwekwe kando, vikavu.

Jiko la makaa lisiingie hemani kamwe, hata kwa dakika chache, kwa sababu gesi yake yenye sumu haina rangi wala harufu na huua mtu akiwa usingizini.

Mifuko yetu ya kukodisha huitundika, hatuikunji, maana unyevu wa Mombasa huiotesha ukungu upesi. Unaporudisha wako, ulete ukiwa umelegea, na kama uliloa, tuambie papo hapo tuuanike siku hiyo hiyo.