YAH: Malalamiko ya matairi kuisha mapema na dhamana isiyoweza kudaiwa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nimepokea barua yenu ya kukataa madai yangu. Aya ya kwanza inasema matairi mawili ya nyuma ya gari langu yameisha kwa sababu ya "uendeshaji wa fujo". Aya ya pili inasema kwamba, hata kama si hivyo, dhamana ya kilomita 50,000 imefutika kwa kuwa sina kumbukumbu za kuyahamisha matairi nafasi kila kilomita 10,000. Sikubaliani na aya yoyote kati ya hizo. Naandika kwa kirefu kwa sababu sioni dalili kwamba mwandishi wa barua ile aliwahi kuyaona matairi anayoyazungumzia.

Gari ni la michezo, la milango miwili, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mbele linavaa 255/35 R19 na nyuma 275/35 R19 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita), kama kiwanda kilivyoagiza. Matairi yote manne niliyanunua kwenu siku moja, yakafungwa na mafundi wenu, na alaimenti ya magurudumu manne, yaani kuyanyoosha mwelekeo, ikafanyika hapohapo na kulipiwa. Yalikuwa mapya kweli. Nilisoma zile tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo sina ugomvi na ghala lenu.

Kilomita takriban 20,000 baadaye, matairi ya mbele yana kina cha mifereji cha milimita 5 upana mzima. Ya nyuma yalianza na milimita 7.5. Leo ukingo wa nje una milimita 5, katikati 4, na ukingo wa ndani umekuwa kipara mpaka waya zinaonekana. Ukisimama kando ya gari huoni kasoro yoyote. Inabidi ulale chini au ulipandishe juu. Fundi asiye wenu aliyekuwa akikagua breki ndiye aliyeziona waya hizo, na hakuniruhusu kuondoka na matairi yale.

Sasa turudi kwenye fujo. Tairi huweka kumbukumbu ya lililotendewa, na kumbukumbu hiyo husomeka. Dereva anayekanyaga mafuta ovyo kwenye gari linalosukumwa kwa nyuma huyazungusha magurudumu mahali pamoja, na mpira huliwa upana mzima. Anayeingia kona kwa pupa hula mabega ya nje. Upepo ukizidi, katikati hutangulia kuisha. Ukipungua, mabega yote mawili huisha pamoja. Ni mguu upi wa dereva unaoweza kula sentimita chache za ndani peke yake, tena kwa kulingana kulia na kushoto, na kuuacha ukingo wa nje ukiwa na milimita 5? Kama mhandisi wenu analo jibu, naomba aliandike na aliwekee sahihi.

Jibu langu limo kwenye karatasi ya alaimenti iliyotoka kwenye mashine yenu, na nakala yake naiambatanisha. Ina safu mbili, kabla ya marekebisho na baada ya marekebisho. Kwa magurudumu ya mbele namba zimebadilika, kazi ilifanyika. Kwa magurudumu ya nyuma, safu ya kabla na safu ya baada zinafanana hadi dakika ya mwisho ya digrii. Hakuna boliti iliyoguswa. Na namba hizo zimechapwa kwa rangi nyekundu, yaani mashine yenyewe ilikuwa inawaambia kwamba haziko sawa. Kiwanda kinataka magurudumu ya nyuma yatazame ndani kidogo. Ya kwangu yalikuwa yanatazama nje, kila moja kwa dakika 20.

Mtu anaweza kusema dakika 20 ni theluthi tu ya digrii, jicho haliioni. Jicho haliioni, ila mpira unaisikia. Gurudumu lililogeuka kwa theluthi ya digrii huku gari likienda mbele huburutwa ubavu karibu mita 5.8 kwa kila kilomita moja. Zidisheni kwa kilomita 20,000: kila tairi la nyuma limesuguliwa ubavu zaidi ya kilomita 115, kwenye barabara iliyonyooka, bila kona hata moja. Ongezeni kwamba gari la aina hii huundwa magurudumu ya nyuma yakiwa yamelala kidogo, juu yameingia ndani, ili yashike vizuri kwenye kona. Kulala huko peke yake hakumalizi tairi haraka. Lakini uzito ukiwa umeegemea ukingo wa ndani, na gurudumu likawa linatazama nje, msuguano wote hukusanyika palepale. Ndipo waya zilipotokea.

Tena dalili nilizileta kwenu mapema. Siku chache baada ya matairi kufungwa nilirudi kusema kwamba nyuma ya gari inachezacheza ninapofunga breki, hasa lami ikiwa na maji. Mhudumu wa mapokezi alinijibu kwamba matairi mapya huwa na utelezi wa kiwandani na yatazoea. Ni kweli kwamba tairi jipya huwa na utelezi huo juu yake, na huisha baada ya kilomita mia chache. Kuchezacheza hakukuisha. Gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yanatazama nje hufanya hivyohivyo, na karatasi yenye wino mwekundu ilikuwa kwenye faili lenu wakati ananijibu.

Nije kwenye dhamana, ambayo kusema kweli imeniudhi kuliko hata alaimenti. Fundi huweza kupitiwa. Maandishi ya dhamana hukaa mezani mkayasoma na kuyasoma tena kabla ya kuyatoa. Sharti lenu ni kwamba matairi yahamishwe nafasi kila kilomita 10,000. Yahamishwe yaende wapi? Tairi la 275 haliendi mbele kwenye rimu ya 255. Na matairi mliyoniuzia yana mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, kwa hiyo la kulia haliwezi kwenda kushoto mpaka ling'olewe kwenye rimu na kufungwa upya, kazi ambayo kijitabu chenu hakiitaji popote. Mlijua vipimo vya gari langu. Mmeviandika wenyewe kwenye risiti. Mkauza matairi yasiyoweza kuhamishwa, pamoja na dhamana inayodai yahamishwe. Hiyo ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa mlango usio na tundu. Wapo watengenezaji wanaoandika wazi kwamba gari lenye vipimo tofauti mbele na nyuma hupata nusu tu ya kilomita za dhamana kwa matairi ya nyuma. Nusu ni kidogo, lakini mnunuzi anaijua kabla hajalipa, na anaweza kuidai.

Tena hizo 50,000 zilitoka wapi? Nimepiga hesabu kwa sehemu ya katikati, ambayo haikuathirika sana. Imepoteza milimita 3.5 kwa kilomita 20,000. Kwa mwendo huo ingefikia kikomo cha milimita 1.6, pale vinundu vya alama ndani ya mifereji vinapolingana na uso wa tairi, karibu na kilomita 34,000. Yaani hata kama alaimenti yenu ingekuwa safi, ahadi isingefika.

Muuzaji wenu alinionyesha namba ya uchakavu iliyochapwa ubavuni, 300, akailinganisha na 220 ya matairi yangu ya zamani yaliyotengenezwa na kampuni nyingine, akasema haya yatadumu zaidi kwa theluthi moja na ushee. Namba hiyo ni ya utaratibu wa Marekani. Tairi la kulinganishia hupewa 100, na majaribio hufanyika kwenye njia maalumu huko Texas kwa kilomita zipatazo 11,600. Daraja lenyewe hutolewa na mtengenezaji, si na serikali, na kila mmoja hukisia kwa namna yake maisha yaliyobaki baada ya kilomita hizo. Kwa hiyo husaidia kulinganisha matairi ya kampuni moja, lakini kati ya kampuni mbili ni dokezo tu. Mtu anayeuza matairi kila siku anatakiwa kulijua hilo kuliko mimi.

Kuna ushauri mwishoni mwa barua yenu ambao siwezi kuupita kimya: kwamba safari ijayo niweke matairi magumu zaidi nyuma tu, mbele yabaki haya haya laini. Tafadhali msimwandikie mteja mwingine neno hilo. Mpira mgumu hudumu, ndiyo, lakini hushika kidogo. Ukipunguza mshiko wa nyuma na kuuacha wa mbele, siku ya mvua nyuma hutangulia mbele na gari hugeuka lenyewe. Matairi manne yanatakiwa kuwa ya aina moja, hasa kwenye gari lenye nguvu zinazokwenda nyuma.

Ninachohitaji safari hii ni matairi manne ya daraja la safari ndefu badala ya haya ya kasi, yenye namba ya uchakavu ya 400 au zaidi kutoka kwa mtengenezaji mmoja, yasiyo na mshale ili angalau ya kulia na kushoto yabadilishane, alama ya kasi (herufi ya mwendo wa juu ambao tairi linaumudu) isiyo chini ya W, uwezo wa kubeba uzito usio chini ya ule wa kiwanda, na daraja A la kushika kwenye maji. Niko tayari kupoteza sekunde chache kwenye kona ili nipate kilomita. Sitapoteza mita za kusimama kwenye mvua, na nisingependa muuzaji aniambie kwamba vyote viwili hupatikana bila kuachia kitu.

Madai yangu ni haya. Mnirudishie malipo yote ya alaimenti, kwa kuwa nusu yake haikufanyika na karatasi yenu inathibitisha. Mnifidie matairi mawili ya nyuma kwa thamani kamili, si kwa asilimia ya mpira uliobaki, kwa sababu ukingo wa nje wenye milimita 5 hauna kazi kwenye tairi lenye waya wazi. Fidia hiyo iwe sehemu ya malipo ya matairi niliyoyaeleza hapo juu, na alaimenti mpya ifanyike nikiwepo, nyuma ikianza kabla ya mbele kama kazi hiyo inavyotakiwa kufanywa. Na sharti la kuhamisha nafasi liondolewe kwenye dhamana ya kila mteja ambaye vipimo vyake havimruhusu kulitimiza.

Matairi yote mawili ninayo, hayajaguswa. Mhandisi wenu aje na kipimo chake ayakague mbele yangu. Sitayakabidhi kwa mtu yeyote bila hati ya makabidhiano. Kama sitapata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka pamoja na viambatanisho kwenye mamlaka ya kumlinda mlaji.

Viambatanisho: nakala ya risiti, karatasi ya alaimenti, picha za matairi yote manne pamoja na vipimo, maelezo ya fundi aliyekagua breki, na nakala ya barua yenu.

Wenu,

Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa