Mdogo wangu, mwaka huu kadi ya bibi ipake mwenyewe

Mdogo wangu,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia wote, dakika nne, nusu yake honi za daladala. Unauliza kadi za Idi nilizompelekea bibi nilizinunua duka gani. Sikununua. Nilizipaka kwa rangi za maji, pale pale mezani tunapochambulia mchele, na safari hii nataka bibi apate na yako.

Nianze na kosa langu, usije ukalirudia. Mwaka jana niliandika "Idi Njema" kwa kalamu ya kawaida, kwa madaha yote, kisha ndiyo nikapitisha rangi juu. Brashi kugusa tu, wino ukatembea, "Njema" ikawa wingu la zambarau. Kadi sita zikaniharibikia. Paka kwanza, iache ikauke, ndipo uandike.

Karatasi usiifanyie ubahili. Ya daftari ikiloa hujikunja kama papadi. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba. A4 moja ukiikata katikati na kukunja kila nusu, una kadi mbili zinazoingia kwenye bahasha ya C6. Rangi za bei ndogo zinatosha. Ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi ya mgunga, ndiyo maana kidonge kilichokauka tangu mwaka juzi kikipata tone la maji kinaamka. Changanyia kwenye sahani ya chai nyeupe.

Sasa mwezi. Kadi za dukani zinauchora umesimama wima, na nyota tumboni. Wewe umewahi kuona mwezi mwandamo wa hivyo? Tulipokuwa tukikimbilia ufukweni magharibi kuutafuta, tuliukuta umelala, pembe juu, kama dau lililoegama kidogo. Sisi tuko karibu na ikweta, ndivyo unavyoonekana huku. Na hapo wanapoweka nyota ni mwezi huo huo, upande wake wa giza. Nyota itapenyea wapi? Chora wa kwetu.

Uchore kwa kipande cha mshumaa kilichochongwa, kabla ya rangi yoyote. Hutauona mpaka uinamishe karatasi kwenye mwanga. Kisha lowesha karatasi kwa maji matupu, uvute manjano chini, pinki katikati, buluu juu. Pinki usiiruke: manjano ikikutana na buluu inatoka kijani, na mimi magharibi ya kijani sijaiona. Rangi itaukimbia mshumaa, na mwezi utajitokeza wenyewe, mweupe wa karatasi. (Hapo mimi hupiga kigelegele peke yangu, usimwambie mtu.) Buluu ikiwa bado mbichi, dondosha punje chache za chumvi; kila punje itaacha kidoa cheupe kama nyota. Ikikauka, ipanguse chumvi yote, la sivyo itanyonya unyevu na kadi itatoka jasho ndani ya bahasha.

Usizipandanishe upesi. Idi yetu sasa iko jirani na masika na hewa imejaa maji, ingawa kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11, kwa hiyo si muda tutapaka kwenye jua la kaskazi. Tarehe usiandike kabisa; mwezi ukigoma kuandama utaaibika.

Ndani bandika kijifuko cha karatasi cha kutilia mkono wa Idi. Bibi atakwambia hana haja ya hela, halafu atachungulia.

Najua utasema picha ya WhatsApp ni rahisi zaidi. Bibi ana kitochi. Kadi zake anazichomeka kwenye ukingo wa kioo cha kabati: zangu tatu, na moja ya mwaliko wa harusi ambayo hata yeye hakumbuki ya nani. Kona ya chini kushoto iko wazi. Nimeshamwambia ni yako.

Dada yako