Nguzo za Isimila zisikwaruzwe majina

Mhariri,

Naomba nafasi niisemee Isimila, bonde lililo kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Ukishuka na mwongozaji, kwa mwendo mfupi tu unakutana na nguzo za udongo na mchanga zilizosimama kama minara. Zamani hapa palikuwa na ziwa dogo. Mashapo yake yakajilundika tabaka juu ya tabaka, kisha maji ya mvua yakayachonga. Penye tabaka gumu juu, nguzo imebaki. Jirani yamelala mashoka ya mawe ya watu wa kale, yamechongwa pande zote mbili, na makali yake bado unayahisi kwa kidole.

Kinachoniuma ni majina yaliyokwaruzwa kwenye nguzo hizo. Ni laini mno: ukigusa kwa nguvu, punje za mchanga zinamwagika. Wahusika wazizungushie kamba, na walimu wanaoleta wanafunzi wawakanye kabla hawajashuka bondeni. Waongozaji nao wapewe mafunzo zaidi ya jiolojia. Mashoka wanayasimulia vizuri sana, lakini nguzo tunapitishwa harakaharaka.

Msomaji wako,
Iringa