Selemani, nyanyua kioo kabla wimbi halijafika

Mikindani, Mtwara

Ndugu yangu Selemani,

Assalam aleikum. Huku hatujambo, kusi limeshaanza na bahari imechafuka kidogo. Natumai nanyi Lindi ni wazima, na mama anaendelea vizuri.

Picha za pwani ulizonitumia nimezifungua kwenye kompyuta na kuzikuza. Ulizopiga jua likiwa limepanda ni kali zote. Za alfajiri, zile ulizoacha shata (mlango wa mwanga) wazi kwa robo na nusu sekunde, mawe yana mstari wa pili pembeni mwa kila ncha. Fokasi haina kosa, tripodi yako nayo ni nzito ya kutosha. Kinachotikisa ni kioo kilichomo ndani ya kamera, kile kinachokuonyesha picha kwenye kitundu cha kuchungulia.

Ukibonyeza shata, kioo kinaruka juu kupisha mwanga uende kwenye sensa, na kikifika juu kinagonga kama mlango uliobamizwa. Kamera inatetemeka kwa kitambo kidogo, halafu inatulia. Ukipiga kwa 1/250 ya sekunde, shata inafunga kabla mtetemo haujaacha alama. Ukipiga kwa sekunde 20, mtetemo ni sehemu ndogo mno ya muda wote, hauonekani. Pabaya ni katikati, tangu 1/60 hadi kama sekunde moja, na hasa kati ya 1/15 na 1/4. Sasa tazama: wimbi linaporudi baharini likipita kwenye mawe, kasi inayolipendeza ni 1/4 hadi 1/2. Kwa 1/125 maji yanaganda, kwa sekunde 30 yanageuka ukungu. Ile michirizi unayoitafuta iko palepale kioo kinapoharibu. Kwa hiyo kwa picha za pwani mimi naona kunyanyua kioo ni lazima.

Kwenye Canon yako ingia menyu ya mipangilio maalumu, tafuta Mirror lockup, iwashe. Kuanzia hapo kila picha ni mibonyezo miwili: wa kwanza unanyanyua kioo, wa pili unapiga. Ukinyanyua, kwenye kitundu cha kuchungulia hutaona kitu, giza tupu. Usishtuke. Panga fremu mapema, weka fokasi, kisha hamishia lenzi kwenye fokasi ya mkono, maana ukiiacha otomatiki itaanza kuhangaika kutafuta kila unapobonyeza. Mwanga nao uweke kwa modi ya M, ile unayopanga mwenyewe, usibadilikebadilike kati ya mbonyezo na mbonyezo.

Rafiki zako wenye Nikon wazungushe gurudumu la upigaji hadi Mup, kama kamera zao zinayo. Zile ndogo za bei nafuu nyingi hazina. Kuna tofauti moja ya kukumbuka. Kwenye Canon ukinyanyua kioo ukachelewa sekunde 30, kioo kinashuka chenyewe bila picha. Nikon ikifika sekunde 30 inapiga yenyewe, uwe tayari usiwe.

Najua umekuwa ukitumia taimeri ya sekunde 2. Ukiiunganisha na Mirror lockup, kioo kinapanda unapobonyeza na picha inapigwa sekunde 2 baadaye, kamera imetulia. Kwa magofu ya Kilwa Kisiwani inatosha kabisa, kuta hazina haraka. Kwa wimbi haifai: huwezi kukisia maji yatakuwa wapi baada ya sekunde 2. Hapo ndipo remoti, kibonyezo cha kupigia bila kugusa kamera, inapokuwa na maana. Nyanyua kioo wimbi likiwa bado mbali. Toa jicho kwenye kamera, tazama bahari yenyewe. Wimbi litapanda, litasimama kidogo, kisha litaanza kuvuta mchanga kurudi. Bonyeza pale linapoanza kurudi. Ukingoja mpaka limeshakimbia, robo ya sekunde yako itaandika mchanga mtupu. Kila wimbi unapata picha moja tu, kisha unanyanyua upya. Ukizoea, kidole kitafuata mwendo wa maji chenyewe.

Nunua remoti ya waya. Canon ndogo zinatumia pini ya milimita 2.5, kubwa zinatumia plagi ya pini tatu, kwa hiyo angalia tundu la kamera yako kabla hujatoa hela. Zile za miale zisizo na waya sizipendi kwa kazi hii: mara nyingi kipokezi kiko mbele ya kamera na wewe umesimama nyuma, na jua kali linaidhoofisha miale. Waya wenyewe usiuache unaning'inia. Upepo ukiupigisha kwenye mguu wa tripodi umerudisha mtikisiko uleule. Ufunge kwa utepe wa gundi wa karatasi, uuache ulegee kidogo karibu na kamera. Mkanda wa shingoni nao uvue.

Kuna jambo moja la hatari. Kioo kikiwa juu usiielekeze lenzi kwenye jua na kuiacha hivyo. Mwanga unapita moja kwa moja hadi kwenye mapazia ya shata, na joto lake linaweza kuyaunguza. Jua likishachomoza ndani ya fremu, nyanyua kioo, ngoja sekunde moja au mbili, piga, basi. Na huku kwetu jua halichelewi: tangu ukingo wake utokeze hadi litoke lote ni dakika mbili na kidogo.

Kwa saa, fuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri, kwa hiyo jua linapotoka yanakupwa na kuacha mchanga uliolowa, safi, bila nyayo za mtu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, alfajiri yanajaa, na huku nyuma yako mchanga umeshakanyagwa. Msimbati bamvua ndiyo yenyewe. Anza na ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na f/11 (tundu dogo la lenzi). Kabla ya jua utapata hiyo robo au nusu sekunde bila kuongeza kitu. Mwanga ukipanda hadi 1/30, funga filta ya ND8, ile nyeusi inayopunguza mwanga mara nane, utarudi 1/4.

Miguu ya tripodi ikandamize mchangani mpaka igome, na usiipandishe nguzo ya katikati. Wimbi likifika miguuni linachimba mchanga chini yake na kamera inazama polepole wakati shata iko wazi. Picha hiyo itakuwa na ukungu ambao kioo hakihusiki nao, usikilaumu. Ngoja maji yaondoke, kandamiza tena. Makuti ya mnazi yakitoka na ukungu, huo ni upepo, nao hauna dawa ya kioo. Ukifika nyumbani osha miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na fungua viungo vyote vikauke.

Ukipanda Newala, pale Shimo la Mungu, na lenzi ya milimita 200 kutazama bonde la Ruvuma, fanya vilevile ila ngoja sekunde tano baada ya kunyanyua. Lenzi ndefu inakuza mtetemo sawa na inavyokuza mlima. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko, kizime ukiwa kwenye tripodi.

Kabla ya yote hayo fanya jaribio nyumbani: lenga ukuta wenye maandishi, piga kwa 1/8 ukiwa na kioo cha kawaida, kisha kikiwa juu, ukitumia remoti mara zote mbili. Zikuze mpaka mwisho. Nitumie zote mbili bila kuzipunguza ukubwa, WhatsApp ipeleke kama dokumenti, isizibane.

Nisalimie mama na wadogo zako.

Wako,
Hassani