Barua ya wazi kwa vijana wa kijiweni Pasua

Wanangu,

Jumapili, matangani kule Kiborloni, mtu mzima mwenzangu aliwaambia usoni kwamba hamna kazi kwa sababu ni wavivu. Mkainamisha vichwa. Kuinama kwenu kuliniuma kuliko maneno yake.

Sikieni. Serikali ikielemewa na madeni, kijana ndiye huumia kwanza. Ugiriki ilipobanwa kuanzia 2010, iliambiwa ipunguze matumizi. Waliokuwa kazini walikatwa mishahara. Waliokuwa wakisubiri nje walifungiwa mlango. Kufikia 2013, karibu sita kati ya kila vijana kumi wa chini ya miaka 25 waliotafuta kazi waliikosa. Hispania, zaidi ya nusu. Wote hao wavivu?

Mimi nilikuwa na karakana ya useremala hapahapa Moshi, na vijana tisa. Tukapata zabuni ya serikali ya madawati. Nikakopa benki, nikanunua mbao, tukafikisha mzigo kwa wakati. Malipo yalikuja baada ya miaka mitatu! Kila nikienda, "Mzee, fungu halijashuka." Riba ya benki haikungoja fungu. Nikauza mashine ya randa, nikawaaga vijana mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa ameoa mwezi uleule. Watu wanazungumzia deni la nje, hili la wazabuni wanalinyamazia, nalo ndilo linalofunga karakana. Nilipoomba mkopo mwingine nikanyimwa. Benki ihangaike na seremala wa nini, wakati hatifungani, yaani hati ambazo serikali hukopea, zinailipa riba bila hofu?

Yapo na mengine: kodi kupandishwa ili riba zilipwe, ajira za serikali kusimamishwa, vyeti visivyo na ujuzi. Wala deni peke yake si laana. Japani inadaiwa zaidi ya mara mbili ya pato lake la mwaka, na vijana wake wengi wana kazi, kwani imekopa zaidi kwa watu wake wenyewe, kwa riba ndogo.

Ila nanyi mnanikera. Bajeti ikisomwa Juni, mnahamisha stesheni mkatazame mikeka yenu. Mkutano wa mtaa hamwendi. Sheria inataka asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri iwe mikopo ya vijana. Nani kati yenu amewahi kumuuliza diwani ziko wapi?

Jumamosi saa kumi njooni nyumbani. Ninayo hotuba ya bajeti, tutaisoma pamoja. Tutaanza na kurasa za deni.

Babu yenu, seremala